Jivu la Menengai kwenye shimo la choo chetu

Nilipokuwa darasa la sita, Baba aliita vijana wawili watuchimbie choo nyumbani Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria. Shimo lilipowafika kifuani, sururu ilitoka kwenye udongo wa kahawia ikagonga mkanda wa kijivu, upana wa kiganja, laini kama unga wa muhogo. Mama aliuchukua kidogo akausugua kwa vidole. "Buru," akasema, yaani jivu kwa Kijaluo chetu. Nikauliza ni nani aliyekoka moto huko chini. Baba akanyoosha mkono upande wa vilima vya Kisingiri: "Mlima ule ulitapika zamani."

Jibu hilo nimelibeba miaka yote, na nimelifundisha darasani hapa Nakuru. Leo naandika kulisahihisha, kwa sababu wanafunzi wangu wanastahili ukweli.

Majivu ya Kisingiri yapo Rusinga, tena ndiyo yaliyohifadhi fuvu la nyani wa kale aliyeitwa Proconsul, alilolipata mtafiti Mary Leakey mwaka 1948. Lakini hayo yana umri wa miaka milioni 18 hivi. Udongo ule wa juu tuliokuwa tukiuchimba, ukilinganishwa nayo, ni wa juzi. Na ndani ya udongo huo wa juzi, Rusinga na Karungu, nayo ya pwani ya ziwa, watafiti wamelitambua jivu la Menengai. Mlima ninaouona nikifungua dirisha la darasa! Ulilipuka miaka 36,000 hivi iliyopita, kilele kikadidimia, likabaki shimo la kilomita 12 kwa 8 ambalo wageni hupanda kulipiga picha. Kutoka hapa hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 200 kwa mnyoosho.

Walijuaje ni la Menengai? Rangi haitoshi, majivu mengi ni ya kijivu. Jivu la volkano ni vipande vidogo mno vya kioo, na kila mlipuko huwa na mchanganyiko wake wa chuma, aluminiamu, titaniamu na vinginevyo. Vipande hivyo hupimwa kimoja kimoja maabarani, kisha hulinganishwa na vya mlimani.

Umri nao husomwa kwenye chembe za feldispa, aina ya madini, zilizorushwa pamoja na kioo hicho. Zina potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hugeuka kuwa gesi ya agoni, polepole mno. Chembe ikiwa bado ndani ya uji wa moto, gesi hiyo hutoroka. Ikishapoa, hunaswa na kuanza kujikusanya. Ukipima gesi iliyonaswa, umejua mlipuko ulikuwa lini. Kaboni 14, njia nyingine ya kupima umri, huishiwa nguvu kwenye miaka 50,000 hivi. Njia hii huenda hadi mamilioni.

Kwenye bonde la Koora, karibu na Olorgesailie, kusini mwa Nairobi, mwaka 2012 watafiti walitoboa ardhi wakatoa fimbo ndefu ya tope ya mita 139, yenye kumbukumbu ya miaka milioni moja. Tope lenyewe linakueleza kama ziwa lilijaa au lilikauka, lakini halikuambii lini. Tarehe zinatoka kwenye mikanda ya majivu iliyomo. Nawaambia wanafunzi: jivu huanguka kwa siku chache, na huanguka kila mahali wakati ule ule. Ukilikuta Baringo na ukalikuta Rusinga, umepata siku moja katika sehemu mbili. Ila lazima liwe limetua kutoka hewani. Likiwa limesombwa na mvua kutoka mlimani karne nyingi baadaye, linadanganya.

Kinachonigusa zaidi ni wanyama. Katika udongo huo wa Rusinga wenye majivu kumefukuliwa Rusingoryx, jamii ya nyumbu iliyokwisha kutoweka, na punda milia wa Grevy, ambao leo unawakuta kaskazini, Samburu na Laikipia. Kwetu, mahali tunapovua omena, palikuwa nyika kavu ya nyasi.

Jumapili nilimpigia Baba nikamweleza yote. Alinyamaza kidogo.

"Kwa hiyo si Kisingiri."

"Huenda si Kisingiri, Baba. Mpaka lipimwe."

Choo kile kimeshajaa, kipya kitachimbwa Desemba. Amesema vijana wakifika kwenye kijivu wataweka sururu chini mpaka nifike.