Daftari la pasi za kati, Makerere 2018

Septemba 2018 Makerere iliandaa mashindano ya dunia ya netiboli ya vyuo vikuu, na Uganda ikatwaa ubingwa kwa kuifunga Afrika Kusini fainali. Usiku ule Wandegeya, mtaa ulio jirani na chuo, kwenye kibanda cha rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai), Watanzania na Wakenya tuliokuwa tukisoma pale tulibishana: eti Uganda imeshinda kwa sababu ya urefu wa wafungaji. Nikalifungua daftari langu la pasi za kati, zile pasi za kuanzisha mchezo katikati ya uwanja kila baada ya bao.

Daftari hilo halitaki ufundi, linataka macho yasiyozubaa. Kwenye netiboli aliyefungwa haanzishi mpira kama kwenye soka. Timu hupokezana pasi ya kati, hata moja ikifunga mara tano mfululizo, kwa hiyo kila pasi ina mwenye zamu. Mwenye zamu akifunga, unaweka vema. Wakifunga wapinzani, unaweka kosa, maana mpira umepotea kabla ya kufunga. Penye mtego ni mwisho wa robo. Zile dakika 15 zikiisha kabla pasi haijarushwa, zamu haipotei, timu ileile inaanza robo inayofuata. Hapo ndipo madaftari mengi huvurugika, kwa kuwa ubao unaonyesha mabao tu na mtu hukisia zamu kwa kukumbuka nani kafunga mwisho.

Sasa piga hesabu. Kila timu ikifunga zamu zake zote, mechi itaisha sare au kwa tofauti ya bao moja. Pengo zaidi ya hapo karibu lote linatoka kwenye zile alama za kosa, na hizo hazitafutwi na GS, mfungaji mkuu. Zinatafutwa na walinzi: GK (mlinda goli), GD (mlinzi wa goli) na yule WD (mlinzi wa pembeni) ambaye hakuna anayempiga picha. Mlinzi anatakiwa kukaa angalau sentimita 90 kutoka mguu wa mwenye mpira, naye mwenye mpira ana sekunde 3 tu. WA (mshambuliaji wa pembeni) na GA (mfungaji wa pili) wakizibwa, sekunde zinakwisha na pasi inarushwa kwa kubahatisha.

Urefu unasaidia, sikatai: pete iko mita 3.05 juu na haina ubao wa kugongeshea. Lakini GS asiyeletewa mpira ni mnara wa simu usio na mtandao.

Mbishi wetu mkuu, Mkenya, alilichukua daftari akahesabu mwenyewe, robo kwa robo. Alipomaliza hakugusia tena urefu. Alitaka kujua WD wa Uganda alikuwa anasimama upande gani wa WA.