Nilivyokula Kirusi bila kujua Kirusi

Migahawa ya Nevsky Prospekt, barabara kuu ya St Petersburg, ile ya wahudumu waliovishwa mavazi ya kale, niliwaachia wenye pesa zao. Mimi nilikula kwenye stolovaya, kantini za kujihudumia zilizoenea tangu enzi za Kisovieti. Unachukua sinia, unapanga foleni, chakula unakiona kwa macho, unaonyesha kwa kidole, unalipa mbele. Taslimu lakini: kadi za Visa na Mastercard za nje hazifanyi kazi Urusi tangu Machi 2022.

Kilichonisumbua ni nguruwe. Kabla ya kuondoka nilikariri maneno machache: svinina ni nguruwe, govyadina ng'ombe, kuritsa kuku, ryba samaki. Yalinifaa kuliko programu ya simu. Solyanka, supu ya ukakasi yenye soseji na matango yaliyochachushwa, niliipisha. Pelmeni pia, vile vifurushi vya unga, kwa sababu nyama yake mara nyingi ni ng'ombe na nguruwe pamoja. Nilikuja kuzila kwenye mkahawa wa Kitatari ulioandika halali mlangoni, pamoja na echpochmak, mkate wa pembe tatu uliojazwa nyama, viazi na vitunguu. Watatari wengi ni Waislamu wa huko huko, kwa hiyo msafiri wa aina yangu hahitaji kuishi kwa biskuti.

Siku nyingine kimbilio langu lilikuwa ukha, supu nyepesi ya samaki, na mkate mweusi pembeni. Juu yake, kama juu ya karibu kila kitu, wanamwaga ukrop, jani la harufu ya kukaribia shamari. Ukilichukia hilo utapata tabu.

Okroshka nayo? Ni supu baridi ya kiangazi: matango, figili, viazi na mayai ndani ya kvass, kinywaji cha mkate uliochachushwa chenye kilevi kidogo. Niliomba ya kefir, ya maziwa ya mgando. Sikuipenda; niliimaliza kwa kuwa nimeshalipa. Lakini selyodka pod shuboy, samaki wa chumvi aliyefunikwa kwa tabaka za viazi, karoti, mayonezi na kiazisukari chekundu, sura yake inatisha na ladha yake ni tamu ajabu. Niliirudia.

Ukitaka kukaa mezani bila kuumia mfuko, nenda mchana siku za kazi uulize biznes-lanch: supu, saladi, chakula kikuu na kinywaji kwa bei moja. Jioni mkahawa ule ule hukutoza zaidi.