Mtu Mzima na Dua Kubwa

Assalaamu alaykum ndugu zangu katika imani. Tangu Alhamisi kuna kicheko kimenikaa moyoni, nimeona nikiandike kabla Ijumaa nyingine haijaingia.

Katika darsa yetu ya wanawake hapa mtaa wa Langoni, Lamu, baada ya Maghribi, maalim alituomba kila mmoja ataje haja moja anayompelekea Mola wake. Tukazunguka mkekani. Huyu karo ya mtoto, yule presha ishuke, mwengine deni la duka, mwengine mume apate kibarua bandarini. Zote ni haja za kweli, na mimi nilitaja kodi ya nyumba. Ikafika zamu ya bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango, bibi mwenye wajukuu na vitukuu. Akasema anamuomba Mwenyezi Mungu amjaalie kuisoma Qur'ani yote kwa macho yake mwenyewe, kutoka Alhamdu mpaka Suratun-Nas, kisha ahiji. Herufi ndiyo kwanza ameanza kujifunza. Wanawake wakacheka. Mmoja akamwambia, "Bibi nawe, umri huu?" Naye akajibu pasi na hasira, "Sasa mwataka niombe nini, sanda?"

Darsa ikaendelea, lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani. Nikawa najiuliza ni lini mara ya mwisho mimi nimemuomba Mola wangu jambo kubwa. Nilipokuwa msichana mdogo niliomba bila kipimo. Niwe mwalimu. Nifungue skuli ya wasichana. Nimpeleke mamangu Makka. Kisha nikaolewa nikiwa kidato cha pili, wakaja watoto, ikaja cherehani, na dua zikawa zinapungua mwaka hadi mwaka bila ya mimi kuona. Hakuna aliyenikataza. Nilizoea tu kuomba kile ambacho ningeweza kukipata hata kwa kukopa kwa jirani.

Ndipo nikaifungua Surat Maryam, sura tunayoisoma tangu chuo cha Qur'ani, nikamsoma Nabii Zakariya (a.s.) kama simjui. Mifupa yake imedhoofika, kichwa kimewaka mvi, mke wake ni tasa. Hali hiyo yote anaitaja yeye mwenyewe, tena ndani ya dua, kabla ya ombi lenyewe. Hauweki umri wake chini na kuuficha. Anauweka mbele ya Mola wake, kisha anasema kwamba hajawahi kukosa kwa kumuomba Yeye, kisha ndipo anaomba mtoto. Sisi umri ukifika tunanyamaza. Tunasema wakati wetu umepita, sasa ni wa watoto.

Na dua ile ilianzia wapi? Surat Aal Imran inatueleza. Kila Zakariya akiingia mihrabuni kwa Maryam, binti aliyekuwa chini ya ulezi wake, anakuta kwake riziki. Akamuuliza, haya umeyapata wapi? Binti akamjibu kwamba yatoka kwa Mwenyezi Mungu, na Mwenyezi Mungu humruzuku amtakaye bila ya hesabu. Hapo hapo Zakariya akamuomba Mola wake. Hebu litazameni jambo hili ndugu zangu. Huyu ni Nabii, ni mzee, ni mlezi. Yote aliyoyajibiwa na yule mtoto alikuwa akiyajua. Lakini yakini ya mtoto ilimuamsha, na hakuona haya kuamshwa na mtoto. Wangapi kati yetu tunao watoto majumbani wanaomuomba Mungu mambo makubwa kila usiku, nasi tukiwasikia tunawahurumia, kana kwamba wao ndio wasioijua dunia?

Kuna jambo jengine nililolipita miaka yote. Zakariya aliomba kwa sauti ya siri. Wafasiri wamesema sababu ya siri ile ni ikhlasi, usafi wa nia. Na wako waliosema aliificha ili watu wasimcheke, mzee yule kutaka mtoto. Niliposoma hapo niliuweka msahafu mapajani nikalia. Kicheko cha mkekani petu kina umri mrefu kuliko mji wetu. Hata Mitume wamekijua. Basi wewe unayeogopa kuchekwa, omba kwa siri, lakini omba! Inuka thuluthi ya mwisho ya usiku, wakati hata punda wa Langoni wamenyamaza, umtajie Mola wako lile ambalo hujamwambia hata dada yako.

Na Zakariya alipobashiriwa mtoto, Yahya, yeye mwenyewe alishangaa. Nitapataje mtoto, na mimi ni mzee na mke wangu tasa? Jambo hili limenituliza sana. Mtu anaweza kuomba kwa yakini kisha jibu likamshinda ukubwa, wala Mola wake hamnyang'anyi kwa sababu ya mshangao wake. Aliambiwa kwamba hayo kwa Mola wake ni sahali, na kwamba yeye mwenyewe aliumbwa kabla ya hapo hali hakuwa kitu.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha mtu asiombe kwa kusema "ukitaka nipe". Aombe kwa azma na aikuze raghba yake, yaani hamu yake, kwani hakuna anachokitoa Mwenyezi Mungu kikawa kikubwa kwake. Na tukiomba Pepo tumeambiwa tuombe Firdausi. Na katika hadithi qudsi, maneno ya Mola aliyoyasimulia Mtume, tunaijua ile ya viumbe wote, wa mwanzo na wa mwisho, watu na majini, wasimame uwanja mmoja waombe, na kila mmoja apewe haja yake, kisha isipunguke hazina Yake ila kama sindano inavyoipunguza bahari ikichovywa. Mimi ni mshonaji, sindano nazishika kutwa. Nendeni gatini muichovye moja mkaitoe. Ncha yake haibaki hata na tone la kudondoka.

Najua atakayeuliza, na kinaa je? Kinaa ni kuridhika na alichokupa. Haijawahi kuwa amri ya kuacha kuomba. Nabii Sulayman (a.s.) aliomba ufalme ambao hautampasa yeyote baada yake, na hakulaumiwa. Na ukiomba usipewe hapa, hujapoteza, utawekewa akhera au utaepushwa na shari iliyo mfano wake. Hayo tunayajua sote.

Lakini nataka kusema na sisi tuliocheka, na mniwie radhi nikiwa mkali. Mtu mzima akianza kusoma, twacheka. Mwanamke akisema ataka kurudi skuli, twamuuliza nani atapika. Kijana akisema ataka kuwa rubani, twamwambia atafute kwanza pa kupakia punda. Twaona ni hekima, twaona twamuepusha na kuumia. Tumepewa na nani kazi hiyo ya kuwapunguzia watu waliyoyatamani kwa Mola wao? Masahaba wa Mtume (s.a.w.) walisoma wakiwa watu wazima, wengine wazee, Imam Bukhari ameyaandika hayo. Mtume mwenyewe wahyi ulimshukia akiwa na miaka 40. Na hapa hapa mtaani petu, mwanachuoni Habib Swaleh alikuja kijana kutoka Ngazija, akakaa na wanyonge, akawasomesha watumwa na wana wao, watu ambao mji ulikuwa umeshaamua kwamba elimu si yao. Wako wakubwa wa mji waliomchukia kwa hilo. Leo Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ukiingia, wageni wanamiminika msikiti wake wa Riyadha kutoka pwani nzima na ng'ambo, nasi twajifakhari nao. Haifai kujifakhari na Riyadha kisha tukamcheka bibi anayejifunza alifu kwa ujiti.

Wazee wetu walihiji kwa jahazi. Waliondoka na kusi, wakarudi na kaskazi, na waliokufia njiani walikufa wamekwisha tia nia. Hao hawakungoja mpaka safari iwe rahisi ndipo waitamani.

Jumapili baada ya Alasiri nilikwenda kumsalimia yule bibi. Nilimkuta uani kwake, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, juzuu yake imeshonwa mgongoni kwa uzi wa gunia. Kitukuu chake kimekaa naye bega kwa bega, kimeshika njiti ya ukuti kinamuonyesha herufi. "Bibi, hii ni dhali, si zai." Bibi akairudia, ikatoka zai. Mtoto akamuonyesha ulimi uwekwe wapi kati ya meno. Bibi akajaribu tena, mpaka ikatoka dhali, na mtoto akasogeza njiti mbele. Nilimwambia, "Bibi, hongera." Akanambia, "Mwanangu, nikisita nina thawabu mbili, wewe usomaye mbio una moja." Kweli, ndivyo Mtume (s.a.w.) alivyosema juu ya anayesoma kwa taabu.

Kutoka pale nilipita nikaulizie mtihani wa kidato cha nne kwa mtahiniwa wa kibinafsi. Darasa la mwisho la 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu hapa Kenya, linafanya mtihani wake 2027, nami nataka kuukalia kabla haujafungwa. Mume wangu nilimwambia usiku ule ule. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza vitabu ni pesa ngapi. Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Sasa baada ya Isha naweka kitambaa kando, na binti yangu ananifundisha hesabu, milinganyo anaiandika nyuma ya karatasi ninazokatia nguo. Kiswahili na dini sina wasiwasi nazo. Hesabu ni nzito, nimezisahau zote. Na ile skuli ya wasichana nimeirudisha katika sijda yangu. Ardhi sina, pesa sina, cheti sina, nami naiomba kwa jina lake, na vyumba vyake, na kisima chake.

Ndugu zangu, usiku wa Ijumaa hii kila mmoja achague haja moja aliyoiacha, ile aliyoifunga akasema hii si ya umri wangu, airudishe kwa Mola wake. Usiipunguze kwanza. Mpelekee kama ilivyokuwa. Kisha kesho yake ufanye kitu kimoja kinachoielekea, hata kama ni kuulizia bei tu. Na ukimsikia mwenzako akiitaja yake, sema amin kwa sauti.

Niombeeni katika hesabu. Mumuombee na bibi yetu, amefika Suratul-Fiil. Na mwenye haja anayoona haya kuitaja mbele ya watu, aniletee mimi faraghani, niitie amin bila kumtajia mtu.