Saa Mbili Kasoro Sekunde Ishirini na Sita

Mwaka jana nilimaliza nusu marathoni ya Kilimanjaro kwa saa 2 na dakika 7, na nilipofika nyumbani nikaapa mbele ya mke wangu, ambaye hakuwa ameniuliza lolote, kwamba safari ijayo nitaingia Uwanja wa Ushirika kabla saa mbili hazijatimia. Hesabu yake kwenye karatasi ni nyepesi: dakika 120 ukizigawa kwa kilomita 21.1 unapata dakika 5 na sekunde 41 kwa kila kilomita. Lakini njia ya Moshi haikubali kugawanywa sawasawa, kwa sababu ukishatoka mjini unapanda kuelekea Mweka, kisha unageuza na kurudi kwa mteremko uleule, na mkimbiaji anayeng'ang'ania 5:41 wakati wa kupanda hufika juu akiwa hana tena cha kushukia.

Mimi ni mkazi wa Dar es Salaam, mji ambao kwa sisi tunaokimbilia ufukweni, daraja ndiyo milima yetu. Kwa miezi minne, kila Jumamosi alfajiri, nilikwenda kutafuta vilima vya Pugu na Kisarawe, nikajizoeza kupanda kwa pumzi ambayo ingeniruhusu kuzungumza, hata kama kwa kufanya hivyo nilipitwa na watu waliokuwa wakitembea kwa haraka. Mpango wangu ulikuwa kuvuka alama ya kilomita 11 ndani ya saa 1 na dakika 7, halafu kulipa deni lililobaki kwenye mteremko.

Siku ya mbio Kibo kilikuwa wazi asubuhi, jambo lililonifurahisha kwa dakika chache tu, kwani anga lisilo na wingu mwishoni mwa Februari maana yake ni jua. Katikati ya mpando, migomba ikiwa pande zote mbili na watoto wamenyoosha viganja ili wapigwe vya kupita, nilijikuta bega kwa bega na mzee mmoja mwenye hatua fupi zisizobadilika. Nilimwamkia, naye akaitikia marahaba bila kugeuza shingo. Baada ya kuniona nikitazama saa ya mkononi mara ya tatu au ya nne, akasema, "Mwanangu, hiyo saa haitakusukuma." Nilishusha mkono, lakini aibu haikunizuia kuitazama tena pindi aliponiacha.

Alama ya kilomita 11 niliivuka kwa 1:08:40. Deni lilikuwa limeongezeka kwa dakika moja na sekunde arobaini, na sasa nilihitaji kukimbia kilomita 10.1 zilizobaki kwa wastani wa dakika 5 na sekunde 5, kasi ambayo mazoezini niliishikilia kwa kilomita tano tu.

Watu wengi husimulia mateso ya kupanda Mweka. Mimi nasema mteremko ndio uliotaka kunitoa roho. Unapopanda, mapafu ndiyo yanayolalamika, nayo ukipunguza mwendo yanatulia. Unaposhuka kwa kasi, misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi ya breki, ikivutwa na kurefuka wakati huohuo inapokaza ili goti lisikunjike, na uharibifu huo mdogomdogo hurundikana hatua kwa hatua bila wewe kuhema sana. Ndiyo maana hudanganya. Kilomita saba za kwanza za kushuka nilizikimbia kwa chini kidogo ya dakika tano kila moja na nikajiona bingwa. Kisha kichomi kikanibana chini ya mbavu za kulia, na nilipofika kilomita ya 19 kwa 1:48:20 mapaja yalikuwa yakitetemeka kama ya mtu aliyebeba gunia.

Nilikuwa na dakika 11 na sekunde 40 kwa kilomita 2.1, yaani nafasi ya kupunguza mwendo kidogo, lakini si ya kutembea. Hapo ndipo mawazo yote ya hila yanapokuja: kwamba 2:01 nayo si mbaya, kwamba jua limezidi, kwamba hakuna aliyenituma. Sikuwa na jibu la maana kwa hoja hizo, kwa hiyo nilihesabu hatua hadi mia na kuanza upya, na sina kumbukumbu nyingine ya barabara ile mpaka lango la uwanja.

Saa yangu ilisoma 1:59:34. Saa ya langoni ilisoma 2:00:52, kwa kuwa mlio wa kuanza ulinikuta nyuma ya umati na nilivuka mstari sekunde 78 baadaye.

Rafiki niliyewekeana naye dau la chakula cha mchana aliitambua saa ya langoni peke yake. Nilimkumbusha kwamba Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo mwezi Septemba 2025 huku yeye na Amanal Petros wa Ujerumani wakiandikiwa muda uleule wa 2:09:48, hivyo vipande vya sekunde si jambo la kudharauliwa. Alinijibu kwamba Simbu husimama mstari wa mbele. Baada ya mabishano marefu tulikubaliana kila mmoja alipie mtori wake.