Lushoto kwa kosta, alafu kwa miguu

Nikimwambia mtu wikendi nlienda Lushoto kutembea anajua nlienda kusalimia ndugu, manake kwetu kutembea ndo huko, unaenda kwa watu unapikiwa unarudi. Nikisema hapana, kutembea kwa miguu, natoka mjini pale nafika Irente, juu ukingoni mwa mlima, alafu narudi, swali ni lile lile, "kwani gari zilikosekana?" Gari hazijakosekana jamani. Nimepanda gari kutoka Tanga mpaka Lushoto makusudi ili nikafike nishuke nitembee.

Ilianza kwa mama. Ana sukari, daktari akamwambia atembee kila siku, basi tukawa tunazunguka Raskazone asubuhi lakini Tanga mnaijua, ikifika saa mbili jua lishakaa begani na mama anataka kurudi nyumbani. Siku moja akasema tu, "mwanangu, si twende kwenye baridi." Ndo tukaenda, na tangu siku hiyo tumeenda mara nne.

Tunatoka stendi ya Kange, Tanga, alfajiri. Mie nakaa siti ya dirishani mama anakaa upande wa njia ili aweze kunyoosha goti. Muheza machungwa yanaingia dirishani kabla gari halijasimama vizuri, Segera, Korogwe, mkonge kulia mkonge kushoto umepangwa mistari mpaka macho yanachoka, alafu Mombo. Mombo ni joto na vumbi na watu wanaita abiria, reli ya Wajerumani iliyoanzia Tanga ilifika hapo mwaka 1905, na ukitazama juu unaona ukuta wa mlima mbele yako hujui gari itapita wapi. Inapita. Kilomita 33 hivi za kona mpaka Lushoto, upande mmoja jiwe upande mwingine korongo, masikio yanaziba, na kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye ile safari ni kwamba ukikaribia Soni watu wanaanza kufunga madirisha mmoja mmoja bila kuambiana. Hakuna aliyesema baridi. Kila mtu mkono unaenda wenyewe. Hapo ukiangalia nje maporomoko ya Soni yako kando ya barabara na mama anatoa kanga ya pili kwenye mkoba anajifunika mabega.

Siku ya kwanza tunalala tu, gesti ya kawaida, wala hatutafuti makubwa. Kesho yake baada ya chai na chapati ndo tunaanza kupandisha Irente. Kutoka mjini ni kama kilomita sita, kijana anatumia saa moja na nusu, mie na mama tunatumia karibia masaa matatu na hatuna haraka yoyote. Barabara ni ya vumbi jekundu, inapanda taratibu, mahindi na maharage yamepandwa kwenye matuta mpaka kwenye miteremko ambayo mie hata kusimama ningeogopa. Bodaboda wanasimama kila baada ya dakika chache. "Mama panda nikupeleke juu." Mama anajibu, "Ahsante mwanangu, natembea." "Unaenda wapi?" "Natembea tu." Kuna mmoja alituwashia indiketa akaenda nasi polepole kama hatua hamsini hivi, alivyoona kweli mama hapandi akasema haya mama, dawa hiyo, akaondoka.

Watu wa kule wanasalimia, na ukipita kwenye gari salamu hizo huzipati hata moja. Mchana ni "onga mshi", unajibu "niwedi", Kisambaa chetu kinaishia hapo lakini kinatosha kumfanya bibi aliyebeba mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani asimame, asigeuke maana mzigo ni mkubwa, ageuze macho tu na acheke, amuulize mama ametokea wapi. Walisimama pale robo saa wanaulizana watoto na magoti. Mzigo kichwani muda wote!

Mara ya pili tulivyoenda ilikuwa imenyesha usiku, tukamkuta kinyonga anavuka njia. Wa kijani, ana vipembe viwili puani, wale wa milima hii ya Usambara. Anaweka mguu mbele, anautingisha, anaurudisha nyuma, anauweka tena, jicho moja linatuangalia sie jingine linaangalia shamba. Mama alisema usimguse, na hatukumgusa, tulisimama tu katikati ya barabara na boda aliyekuja tukamnyooshea mkono asubiri, na akasubiri. Dakika tano nzima kwa kinyonga mmoja.

Juu ni ukingo, mlima umekatika pale pale. Chini ni Mazinde, mashamba ya mkonge yamekaa kama vipande vya mkeka, mbele nyika inaenda inaenda mpaka inakuwa rangi ya moshi, na ile barabara kuu tuliyopita jana ni uzi. Mama alikaa kwenye jiwe anaangalia mabasi. "Jana tulikuwa mule," akasema, "na hatukujua kama kuna mtu huku juu anatuona." Kurudi tunapita shamba la Irente la kanisa, wanauza jibini na mkate wa rai na jemu, jibini mama haili ila mkate anabeba mpaka Tanga.

Sasa kuhusu gari. Kaka yangu ana gari na kila safari anajitolea atupeleke, namshukuru, lakini ukienda na gari yako lazima urudi pale ulipoipaki. Gari inakufunga kamba. Sie siku ya tatu tunateremka kufuata barabara ya Soni, tunakaa pembeni kabisa, mama akichoka tunasimama popote pale tunapunga mkono kosta inasimama, hapo hapo ndo mwisho wa matembezi yetu. Siku anajisikia vizuri tunafika mbali, siku goti linauma tunafika kona ya tatu, na hakuna aliyeshindwa. Safari ya mwisho konda alimuuliza, "bi mkubwa mnatokea wapi?" Mama akasema Lushoto, kwa miguu. Kijana wa siti ya mbele akanyanyuka bila kuambiwa.

Kama unataka kwenda, masika acha, Machi mpaka Mei tope linateleza na goti halitakushukuru. Juni mpaka Agosti beba sweta kweli kweli na jaketi. Vaa raba zilizozoea mguu, beba chenji, na kama unataka kuingia msitu wa Magamba chukua kijana wa kukuongoza pale mjini, usiingie mwenyewe. Magari ya kurudi Tanga moja kwa moja mengi yanaondoka asubuhi, ukichelewa unashuka na kosta mpaka Mombo unaungia pale.

Mama sasa hivi anaulizia Amani. Amesikia kule kuna msitu na mashamba ya chai na kwamba gari inatokea Muheza, na jana jioni amenipigia simu anataka nimtafutie gari hiyo inaondoka saa ngapi.