Zamu ya asubuhi kwenye mnara wa kuongozea ndege, Entebbe

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Chai ya maziwa, chapati ya jana, boda mpaka langoni. Napita ukaguzi kama abiria yeyote, halafu ngazi. Kazi hii haitaki mtu mwenye usingizi. Ukiumwa unasema mapema, mwenzako anashika zamu, na hakuna anayekununia.

Saa moja kamili. Saa ya ukutani mnarani inaonyesha 04:00, maana dunia nzima ya usafiri wa anga inafuata saa ya Greenwich, nasi tumeitangulia kwa saa tatu. Sikalii kiti papo hapo. Nasimama nyuma ya kaka anayemaliza usiku, navaa vipokea sauti na kusikiliza kwanza, mpaka picha ya nani yuko wapi inikae kichwani.

“Dada, upepo bado wa kaskazini, tunatumia njia ya 35. Kuna ndege moja kutoka Nairobi, dakika kumi hivi. Na kaloli wamejaa kwenye nyasi upande wa ziwani.”

Kaloli ni wale korongo wakubwa wenye vipara. Mmoja akimezwa na injini ni balaa, kwa hiyo naita gari la kuwafukuza kabla ya salamu nyingine yoyote.

Saa mbili. Watu hudhani mimi ndiye ninayepunga vile vibao vya rangi pale chini. Yule ni mtu wa maegesho. Sisi wa mnarani tunahusika na kile kinachoonekana kwa macho: ndege zinazotembea chini, zinazopaa na zinazotua. Ikishapaa namkabidhi rubani kwa mwenzangu wa chumba cha rada, anayepanga zinazokaribia na zinazoondoka. Huyo naye anamkabidhi wa njia za juu, ambaye anaangalia anga letu mpaka mipakani, kisha Nairobi au Dar es Salaam wanapokea. Huko juu utaratibu ni mwepesi kuuelewa: zinazoelekea mashariki hupita futi 35,000 au 37,000, za magharibi 36,000 au 38,000. Zikipishana, kati yao kuna futi 1,000.

Saa tatu. Ukiniuliza kazi yenyewe ni nini, nitakwambia ni kusikiliza. Kusema ni rahisi. Kila kibali ninachotoa, rubani lazima akirudie, na mimi lazima nisikilize anachorudia, si ninachotarajia kusikia. Leo nimempa mmoja apande hadi ngazi 190, yaani futi 19,000. Akarudia 290, kwa sauti ya kujiamini kabisa. Kalamu yangu ilikuwa tayari juu ya ule ukanda wa karatasi wenye jina la safari yake. Sikuandika kitu. “Hapana, moja-tisa-sufuri.” Akarudia sawasawa, ndipo nikaandika. Yote kwa Kiingereza, kwa sentensi zilizopangwa, na wengi wetu hupimwa Kiingereza chao upya kila baada ya miaka kadhaa.

Ukali huu una historia. Tarehe 27 Machi 1977, huko Tenerife, Boeing 747 mbili ziligongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafa. Kulikuwa na ukungu, sauti mbili zikagongana redioni, na rubani mmoja akaamini ana ruhusa ya kupaa. Ndiyo maana leo neno la kupaa halitamkwi ovyo. Tunalitumia pale tu tunapotoa ruhusa yenyewe au tunapoifuta, kwingine kote tunasema “kuondoka”.

Saa nne na nusu. Ndiyo saa ninayoipenda. Jua limepasha ardhi kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda, na ile ya baridi ya Ziwa Victoria inakuja kujaza pengo. Kitambaa cha upepo kinalegea, kinazunguka, kisha kinaelekea upande wa pili. Ndege hupaa na kutua ikiukabili upepo, hivyo njia yetu kuu ya mita 3,658 inageuzwa: ilikuwa 35, kuelekea kaskazini, sasa ni 17, kuelekea ziwani. Namba hizo ni nyuzi za dira zilizokatwa sifuri ya mwisho. Ukigeuza mapema mno, upepo unarudi na umewasumbua watu bure. Ukichelewa, anayetua anasukumwa mgongoni na kuhitaji njia ndefu zaidi kusimama. Leo marubani wawili waliosubiri kupaa walikuwa wameshafika mwisho wa kusini. Ikabidi wazunguke hadi kaskazini huku wakichoma mafuta, na mmoja alinuna waziwazi.

Saa tano na nusu. Airbus A330 imepaa. Nyuma yake ndege ndogo, Cessna Caravan, yenye watalii wa hifadhi ya Kidepo, rubani ana haraka.

“Mnara, tuko tayari kabisa.”

“Subiri, msukosuko wa hewa.”

Ndege kubwa huacha nyuma yake vimbunga viwili visivyoonekana, na ndege ndogo ikivifuata inaweza kupinduliwa. Ni dakika mbili tu, ila kwa rubani mwenye abiria wanaotazama saa ni ndefu. Wanyama wa Kidepo watamsubiri.

Saa saba. Napumzishwa. Matoke na mchuzi wa karanga, halafu napitia chumba cha njia za juu. Dada aliyesoma nami chuo cha anga cha Embakasi, Nairobi, yuko kwenye simu na Nairobi: “Habari za huko?” “Nzuri dada, mvua tu.” Salamu zikiisha wanahamia Kiingereza, namba kwa namba.

Saa nane mchana nakabidhi kiti: 17, upepo wa ziwani, wawili angani, kaloli wamehamia kwenye maegesho ya magari. Langoni kijana wa boda ananiuliza, kama kawaida yake, kama siwezi kuongea na wakubwa washushe nauli ya ndege ya Dubai. Namwambia aanze yeye na nauli ya boda.