Shemeji na nyumba ya mifupa

Kwa jirani wanavunja marumaru za bafu tangu asubuhi, na kila kipande kinapopasuka namkumbuka shemeji wa Tanga. Mnamjua: mwashi wa siku nyingi, hapiti ukutani bila kuukagua.

Tulikuwa Barcelona kwa ile harusi. Jioni moja tukatoka kunyoosha miguu Passeig de Gràcia, barabara pana yenye maduka ya bei za kutisha. Casa Amatller, nyumba ya mwenye kiwanda cha chokoleti, aliitazama, akaguna, tukaendelea. Mlango wa pili tu akasimama katikati ya njia, watu wakaanza kumkwepa.

Casa Batlló. Mwanzoni lilikuwa jengo la kawaida la 1877, hadi tajiri wa nguo, Josep Batlló, alipomkabidhi msanifu majengo Antoni Gaudí, naye akaligeuza kati ya 1904 na 1906. Nguzo za mbele zina viungo vilivyovimba, ndiyo maana wenyeji huiita Nyumba ya Mifupa. Balkoni zina matundu mawili mawili ya macho. Ukutani, vipande vya vioo na vigae vimetapakaa bluu, kijani na manjano, na juu kabisa paa limebinuka na kuvaa magamba.

Shemeji akafumba jicho moja, akanyoosha mkono na kuning'iniza ufunguo kwenye uzi wa kitambulisho chake, kama fundi anayepima kwa timazi kama ukuta umesimama wima.

"Shemeji, huyu timazi yake aliiuza?"

Nikamweleza inavyosimuliwa, kwamba Gaudí alikuwa akisimama barabarani na kuwaelekeza mafundi walioko jukwaani kipande kipi kikae wapi. Shemeji akanyamaza, ufunguo bado unabembea.

"Na mteja akalipa?"

"Akalipa."

"Mimi nikipinda nusu inchi nakatwa pesa."

Nikamkumbusha makaburi ya nguzo ya Kunduchi, Dar es Salaam, ambako wazee walipachika bakuli za Kichina kwenye chokaa muda mrefu kabla Gaudí hajazaliwa. Siku hizi nyingi zimechomolewa, yamebaki matundu. Akasema chokaa ile haiachii kirahisi, lazima mtu alikwenda na patasi. Akakasirika kweli, pale pale mbele ya watalii. Hadi leo sijui aliwaonea uchungu wazee au chokaa.

Nilitaka tuingie ndani nikaone ule uwazi wa katikati. Vigae vyake vya bluu vimekoza juu na kufifia kuelekea chini, na madirisha ya chini ni makubwa kuliko ya juu, ili nuru ifike sawa kwa kila ghorofa. Shemeji akauliza bei ya tiketi, akaipigia hesabu kwa mifuko ya saruji, akakataa katakata.

Picha zake za jioni ile alinitumia zote. Ni maungio ya mawe na mabomba ya maji ya mvua, moja baada ya nyingine. Nyumba nzima haimo hata katika moja.